Mchanga Ulikuwa Breki Yetu

Daftari langu la mwaka ule linasema ilianza siku ya Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Wakati huo niliandika saa ya kila kitu, hata saa ya kuku kutaga, kwa sababu baba aliniletea saa ya mkono kutoka Pemba, ile ya Msumbiji, na sikuwa na kazi nyingine ya kuipa. Juzi nilikuwa natafuta cheti changu cha kuzaliwa, nikalikuta daftari chini ya sanduku, kurasa zimenatana kwa unyevu. Nikafungua, nikasoma: “Mama kapanda mota. Haijaenda.” Nikakaa sakafuni, cheti nikakisahau.

Si hadithi kubwa, nakwambia mapema. Lakini kwa kuwa wewe, rafiki yangu wa barua, hunicheki ninapokuandikia, nitakusimulia kama ilivyokuwa.

Tulikaa Quionga, kijiji cha pwani huko kaskazini, nyumba ya tatu kutoka msikitini, mimi, mama, na bibi aliyemzaa mama. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nimemaliza darasa la saba. Ukitaka kuendelea na sekundaria ilikubidi uende mjini Palma. Palma si mbali kwa mwenye gari. Sisi tulikuwa na mota ya baba, pikipiki nyekundu aliyoiacha uani alipopata kazi ya ulinzi Pemba. Ilifunikwa turubai, na kuku mmoja alikuwa ameshakifanya kiti chake kiota. Kupanda taxi-mota ya watu kila siku, kwenda na kurudi, hakukuwa jambo la nyumba kama yetu.

Baba akapiga simu, akasema maneno mawili. La kwanza, mama ajifunze kuendesha, anipeleke na kunirudisha. La pili, ikiwa shule itafunguliwa naye hajaweza, basi nipelekwe Nampula, mbali kusini, kwa shangazi, na lori la nazi linaloondoka Jumatano. Shangazi nilimwona mara moja tu maishani. Watoto wake walizungumza Kireno hata wakigombana. Mimi nilikuwa mtoto ambaye akitumwa dukani husimama mlangoni mpaka mwenye duka amwone mwenyewe. Nyumbani kwetu nikikosa chumvi kwenye chakula nilikula hivyo hivyo. Sasa nifikirie katika nyumba ile, miaka mitano.

Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu ya wiki ya pili. Tulikuwa na siku tisa.

Mwalimu alikuwa fundi jirani yetu, aliyetengeneza baiskeli, mota, redio na chochote kilicholetwa mlangoni kwake kikiwa kimya. Alimwita mama “mana”, dada kwa Kireno cha kwetu, ingawa mama alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Kwanza alimfukuza kuku, kisha akamwambia mama asiwashe kitu. Aisukume tu, aende nayo mpaka msikitini na kurudi, aujue uzito wake. Mama alikuwa amevaa suruali ya baba chini ya kapulana, kitenge cha kwetu, na usoni amejipaka msiro mweupe, urembo wa mti uliosagwa, maana hakuwa mtu wa kutoka juani bila msiro, hata kama anakwenda kuanguka. Mota ilizama mchangani, yeye akaisukuma, jasho likachora mistari kwenye ule weupe.

Wewe uliyezaliwa kwenye udongo mgumu huenda hujui mchanga wetu wa wakati ule. Njia ya kutoka msikitini kwenda ufukweni ilikuwa mchanga mtupu, laini kama unga wa muhogo uliochekechwa. Ukivua viatu unaungua, ukivivaa vinajaa. Mchana usingesikia hatua ya mtu hata akipita mgongoni kwako. Ulichosikia ni bibi akikuna nazi, amekaa juu ya mbuzi barazani, na mahali fulani mtu anatwanga.

Mama alipoiwasha sasa, fundi alimfundisha neno moja. Nimeliandika kama alivyolisema.

“Mana, hapa kuna mambo mawili tu, kushika na kuachia. Kushika kila mtu anajua. Kazi iko kwenye kuachia.”

Alikuwa anasema juu ya klachi, ule mshikio wa mkono wa kushoto. Mama aliushika, akaingiza gia ya kwanza kwa mguu, akauachia wote kwa mara moja. Mota iliruka kama mbuzi aliyepigwa jiwe, ikazima. Akarudia, ikaruka, ikazima. Nilihesabu mara kumi na moja. Watoto wa jirani walikaa ukingoni mwa njia wakitafuna miwa, na kila inapozima mmoja wao alisema “lala salama”. Bibi, bila kuacha kukuna nazi, alimwambia fundi kwamba mnyama wake pengine ana kiu. Halafu akasema yeye amezaa watoto saba na hajawahi kukaa ametanua mapaja namna ile mbele za watu. Fundi akamjibu, “Bibi, ukitaka kukaa upande upande utafundishwa wewe mwisho wa mwezi.” Bibi akacheka mpaka akaacha kukuna.

Jumapili fundi alimwambia mama afunge macho asikilize. Injini ikibadilika sauti, ikawa nzito kidogo, hapo ndipo klachi imeanza kushika. Asiachie zaidi. Asubiri hapo, mota ijisogeze yenyewe, ndipo aachie kilichobaki. Mama alijaribu mara nne. Ya tano akasubiri hapo, na mota ikasogea pole pole mbele ya macho yetu kama kitu kilichoamua chenyewe. Aliporudi alisema, “Kumbe ni kamba ya kisima.” Na ni kweli. Ukishusha ndoo kisimani, kamba ukiiachia yote inakuunguza viganja, ukiikaza haishuki. Inapita mkononi huku umeishika. Mama alikuwa ameishusha ndoo hivyo tangu ana miaka sita. Baada ya hapo mota haikuzima tena kwa sababu ya kuondoka.

Kusimama hakukuwa somo. Mchangani hakuna haja. Ukikamata klachi, nguvu ya injini inakatika, na mchanga unayashika magurudumu kwa hatua mbili tatu umesimama. Kila mtu kwetu alisimama hivyo. Breki ya mbele, ile ya mkono wa kulia, fundi aliiogopa kuliko nyoka. Mchangani ukiigusa gurudumu la mbele linapinda na wewe unapita juu ya usukani. Kwa hiyo aliufunga mshikio wake kwa kipande cha mpira wa tairi, akaukaza mafundo matatu, ili mama asije akasahau akaushika. Breki ya nyuma, ya mguu wa kulia, alimwonyesha mara moja. Kanyagio lake lilikuwa na kutu.

Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye gogo la mnazi na kushika ndala za mama na simu. Mtu akikaa kimya sana huona vingi. Jumatatu ile ya kwanza nikaona kwamba kutu ya lile kanyagio haikuguswa. Jumanne hivyo hivyo. Mguu wa mama ulikuwa umetulia kama mguu wa mtu anayekula. Niliona. Nilijiambia fundi anajua kazi yake, nani ataniuliza mimi. Sikusema.

Siku zile zilikuwa nzuri, sitakuficha. Alhamisi mama alinipakia kwa mara ya kwanza. Nilimshika kiunoni, pua yangu kwenye kapulana, na harufu yake ilikuwa msiro, petroli na moshi wa jiko. Minazi ilipita pande zote mbili. Watoto walikimbia nyuma yetu wakaishiwa pumzi. Jioni bibi alitupa muhogo wa kuchemsha na papa mkavu aliyechomwa, kwa wingi kidogo kuliko kawaida, akisema madereva hula. Mama alikula akinyoosha vidole vya mkono wa kushoto mara kwa mara, maana klachi ilikuwa imempa maumivu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata kitu ambacho hakukiomba. Sikumwona hivyo tena mara nyingi.

Jumatatu ya shule tuliondoka saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Bibi alinisomea dua, akanipulizia utosini, akamwambia mama asikimbie. Mama hakukimbia. Mchanga ulitusindikiza mwendo mrefu, kisha njia ikabadilika rangi, ikawa udongo mwekundu ulioshindiliwa, mgumu. Mota ikawa nyepesi. Mama akacheka. Nilihisi mgongo wake ukicheka.

Karibu na Palma kuna mteremko, na chini ya mteremko siku zile kulikuwa na kizuizi cha askari, kamba iliyofungwa vitambaa vyekundu kukatiza njia. Sheria yake tuliijua wote. Unasimama mbali na kamba, unazima, unashuka, unasukuma kwa miguu. Mwenye haraka arudi kwao. Hakuna aliyewahi kuuliza ingekuwaje kwa asiyesimama.

Tulipofika juu ya mteremko mama alifanya alivyofundishwa. Alikamata klachi.

Injini ikanyamaza nusu, na mota, ambayo sasa haikuwa na cha kuishika, si injini wala mchanga, ikaanza kwenda. Mama akabana zaidi. Ikaenda zaidi. Niliona kiganja chake cha kushoto kimekuwa cheupe kwenye vifundo. Kule chini askari mmoja aliinua mkono. Kisha wa pili, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo, akasimama, na alichokuwa amekiweka mapajani akakishika kwa mikono miwili. Nilikiona kila kitu kwa utulivu kabisa, kama vile nakitazama nikiwa kwenye gogo langu.

Halafu nikasikia sauti, na ilikuwa yangu.

“Mama, achia mkono wa kushoto! Kanyaga mguu!”

Aliachia. Aliachia wote kwa mara moja, kama siku ya kwanza, na mguu nao ukakanyaga. Injini ikanguruma, gurudumu la nyuma likakamata na kuteleza, tukaenda upande upande kama kaa, tukaanguka. Mota ilizima. Kamba ilikuwa mbele yetu hatua nne. Nilizipima baadaye.

Mama alikaa njiani, kiwiko kimechubuka, msiro umechanganyika na udongo mwekundu, kofia ya mota imemwangukia machoni. Askari aliyekuwa ameinua mkono alianza kucheka, si kwa ubaya, kwa kuishiwa nguvu. Yule wa pili, mtu mrefu, alitundika bunduki yake begani, akaja, akainyanyua mota peke yake. Alikuwa mtu wa kusini, hakujua neno la Kiswahili. Akamuuliza mama kwa Kireno ni nani aliyemfundisha. Kireno cha mama kilikuwa cha sokoni tu. Mama akanitazama mimi.

Basi ikabidi niseme, kwa Kireno changu cha shule. Nilitafsiri nikitazama viatu vya askari. Alisema kwao alikuwa dereva wa taxi-mota kabla ya kuvaa sare. Alitazama ule mpira uliofungwa breki ya mbele, akauliza hii ni nini, nikamweleza habari ya mchanga. Akatikisa kichwa, akatoa kisu, akaukata. Kisha akamfanya mama asukume mota iliyozimwa kwenye udongo mgumu, akamate breki ya mkono polepole, aone inavyosimama bila kupinda. Halafu ya mguu. Halafu zote mbili. Mama alisukuma, akakamata, akasukuma, akakamata, magari mawili yanangoja nyuma na watu wanachungulia.

“A embraiagem por último,” alisema yule askari, akanigeukia.

“Anasema klachi mwisho, mama. Kwanza ufunge gesi. Halafu breki mbili pamoja, usizishike kwa hasira. Klachi mwisho kabisa, mota ikiwa inataka kuzima.”

“Mwambie nimesikia,” mama akasema. “Mwambie ahsante.”

Shuleni nilifika nimechelewa, magoti mekundu, nikakaa dawati la mwisho. Sikumbuki mwalimu alisema nini. Mama aliningoja Palma mpaka mchana. Wakati wa kurudi alisukuma mota kwenye kila mteremko, mimi natembea kando yake na begi, na kwenye tambarare alienda gia ya kwanza tupu, injini inalia njia nzima. Kwenye mchanga wetu alisimama kama siku zote, akaifunika turubai, akaingia ndani.

Jioni alimpigia baba simu. Nilikuwa napembua mchele uani, nikasikia akisema lori la Jumatano lingoje, mtoto atakwenda Nampula. Bibi alipomaliza kusali maghrib alitoka, akakaa karibu yangu, akaanza kunisaidia kupembua mchele ambao hauhitaji kupembuliwa na watu wawili.

Fundi alikuja, kofia mkononi. Habari zilikuwa zimetangulia kwa lori la kwanza lililotoka Palma. Mama alimpa kiti na chai, akamwambia hakuna ubaya. Ikawa aibu kubwa zaidi. Mwisho fundi akasema ukweli wake: yeye mwenyewe hajawahi kufika Palma juu ya mota. Akienda Palma hupanda lori.

“Nimejifunza hapa, nimezeekea hapa,” akasema. “Sikujua kwamba nakufundisha mchanga, mana. Nilidhani nakufundisha mota.”

Mama akajibu kwamba yeye hakuogopa kuanguka. Anachoogopa ni mkono wake. Kadiri alivyotaka kusimama ndivyo ulivyobana, na kadiri ulivyobana ndivyo mota ilivyokwenda, na hajui siku nyingine utafanya nini na mtoto yuko nyuma. Fundi alikunywa chai yake yote, akaaga.

Nikamfuata mama jikoni. Sijui kwa nini siku ile nilisema mara mbili, baada ya miaka ya kutosema. Nikamwambia kwamba niliona. Mguu wake haukuwahi kugusa breki, nami niliona.

“Uliona tangu lini?”

“Tangu Jumatatu ile ya kwanza.”

“Ukanyamaza.”

Nikanyamaza tena. Alinitazama, si kwa hasira. Ningependa iwe hasira. Kisha akageukia chungu chake cha kisamvu, akakoroga, na mimi nikaenda kulala bila kula.

Leo hakuna kitu cha kukuonyesha ukija. Ile njia ya msikitini imemwagiwa udongo mwekundu na magari ya wale waliokuja kutengeneza barabara, na vijana wanajifunza mota papo hapo, breki mbili tangu siku ya kwanza. Kosa letu hawalijui. Ukiwasimulia wanadhani mama alikuwa mzito wa kuelewa. Kamba ya mteremkoni iliondolewa, shimo la nguzo yake limefukiwa. Fundi alihamia Olumbi kwa mwanawe. Bibi tulimzika mwaka wa pili baada ya hapo, na baraza halina sauti ya nazi, tunanunua iliyokunwa sokoni. Mota ile nyekundu iliuzwa vipande vipande. Mimi niko darasa la kumi na moja, Palma, na bado sipendi kunyoosha mkono darasani. Mama ana mota nyingine, ya bluu. Ukimuuliza alijifunza vipi atakwambia alijifunza siku moja, kwa askari, na ataendelea kupika.

Lakini ulitaka kujua ya asubuhi iliyofuata. Ilikuwa Jumanne. Niliamka saa kumi na nusu alfajiri, kabla ya adhana. Niliosha magoti kwa sabuni mpaka wekundu ukatoka, nikavaa sare, nikafunga viatu. Nilitoka uani, nikavuta turubai, nikaikunja mara nne. Nikapanda kiti cha nyuma, begi kifuani, mota ikiwa imesimama juu ya stendi yake. Mama alipotoka na kopo la maji ya kutawadha, akasimama. Nilimwambia kwamba leo nitazungumza njia nzima, kila mteremko nitausema kabla hatujaufikia. Kisha nikaanza kumtajia, mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza, huku yeye bado ana kopo mkononi.